Mashine Inayosoma Daftari za Serikali

Chukueni karatasi zenu. Mwenye kusoma vizuri na akae karibu na yule anayeanza, wafuate maneno kwa kidole huku wakinisikiliza.

Leo tutazungumza juu ya habari za gazeti na redio. Je, hutoka wapi? Wengi hudhani kwamba mwandishi wa habari hukaa tu akingoja mtu aje kumnong'oneza. Wapo wa namna hiyo. Lakini habari kubwa nyingi zimelala katika makaratasi ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma. Makaratasi hayo huitwa kumbukumbu za umma. Gazeti la Serikali, litokalo kila Ijumaa, ni kumbukumbu ya umma. Matangazo ya zabuni, hukumu za mahakama, mazungumzo ya Bunge na hesabu za halmashauri ni vivyo hivyo.

Taabu ni wingi wake. Mtazameni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwa amri ya Katiba, ibara ya 143, yeye hukagua hesabu za Serikali kila mwaka. Taarifa yake humfikia Rais kabla Machi haijaisha, na Aprili hupelekwa Bungeni, ndipo watu wote huweza kuisoma. Nayo si kijitabu cha kutia mfukoni! Ni vitabu kadhaa, vyenye mamia ya kurasa, na halmashauri zetu za Kasulu na Kibondo hukaguliwa kama zilivyo nyingine zote. Mwandishi akianza ukurasa wa kwanza peke yake, habari itapoa kabla hajafika mahali panapotuhusu sisi.

Basi siku hizi zipo programu za kompyuta za kumsaidia. Hutumia kile kinachoitwa akili mnemba, yaani akili ya kuigiza, isiyo ya mtu. Wengine husema akili unde. Mwandishi huiambia programu mahali pa kutazama na jambo la kutafuta. Kila siku mashine hupita mahali hapo, hulinganisha karatasi za leo na za jana, na ikiona jambo jipya au tarakimu isiyo ya kawaida, humpelekea mwandishi taarifa fupi: tazama hapa. Hiyo si habari bado. Ni kama mbwa aliyebweka usiku. Mwenye nyumba hana budi kuamka akaone kama ni mwizi au ni mbuzi wa jirani.

Nitawapa mifano miwili ya kweli. Mwaka 2016 gazeti la Atlanta Journal-Constitution la Marekani lilikusanya hati zaidi ya 100,000 za mabaraza yanayosimamia madaktari. Lilitaka kujua ni madaktari gani waliowatendea wagonjwa wao mambo ya aibu. Hati nyingi ziliandikwa kwa maneno ya kufunika. Kompyuta ilifundishwa kuyatambua maneno hayo, ikazitenga hati zilizoelekea kuhusika. Kisha waandishi wenyewe wakazisoma. Wakaona kwamba madaktari wengi wa namna hiyo waliachwa waendelee kutibu. Mwaka huo huo, raia wa Brazili walitengeneza programu wakaiita Rosie. Kazi ya Rosie ilikuwa kupitia risiti za wabunge waliodai kurudishiwa fedha za chakula na safari, na kuonyesha zile zenye mashaka. Rosie hakuwa na cheo, wala hakuogopa cheo cha mtu!

Hata hivyo, msiistahi mashine kupita kiasi. Mashine huweza kukosea, na huweza kukosea kwa maneno mazuri sana. Simameni katikati ya soko la Kasulu mkaite, "Yohana!" Watageuka wangapi? Mashine ikikuta jina la Yohana katika hukumu ya wizi, na jina hilo hilo katika orodha ya wajumbe wa kamati ya shule, huweza kusema kwamba ni mtu mmoja. Mwandishi asiyekwenda kuuliza atamvunjia mtu heshima yake, na heshima ikivunjika hairudishwi na tangazo dogo la kuomba radhi. Kwa maoni yangu, gazeti lisilo na nauli ya kumpeleka mwandishi mpaka kijijini halifai kuinunua mashine hiyo.

Tena mashine husoma kile kilichoandikwa na kuwekwa mahali inapoweza kufika. Daftari la mihutasari lililofungiwa kabatini haliko machoni pake. Kijiji kisichoandika, kwake ni kijiji kisichokuwapo. Kwa hiyo fedha za pampu ya maji kwenu zaweza kupotea, na mashine zote za mjini zisibweke hata moja.

Lakini ninyi mnayo macho. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kimeagiza kila kaya itoe shilingi 5,000 za zahanati. Kaya ni 312. Zidisheni: ni shilingi 1,560,000. Karatasi ubaoni inasema zimepokelewa shilingi 1,240,000. Toeni: zimepungua shilingi 320,000. Gawanyeni kwa 5,000: ni kaya 64. Hiyo ndiyo kazi ya mashine, nanyi mmeifanya kwa kalamu.

Je, fedha zimeibwa? Bado hatujui. Huenda wazee na wajane wamesamehewa. Huenda wengine wanangoja kuuza maharage. Basi mtu mmoja na asimame mkutanoni, kwa adabu, aseme: "Ndugu Mwenyekiti, naomba tusomewe kaya 64 ambazo hazimo." Yakiwapo maelezo, yaandikwe katika muhtasari. Ofisi ya umma ikikataa kuonyesha, iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andikeni barua ya maombi, wekeni tarehe, bakini na nakala. Ofisi hupewa siku 30 za kujibu.

Sasa kazi ya juma hili. Nendeni kwenye ubao wa matangazo wa kijiji chenu, watu wawili wawili. Nakilini karatasi ya mapato na matumizi, pamoja na tarehe yake. Kama hakuna karatasi, andikeni: "Hakuna karatasi," na tarehe ya siku mliyofika. Mleteni hayo darasani, mjumlishe pamoja na mwalimu wenu. Kwaherini.