Mtazamaji Anapofunga Video Kabla Haijaisha

Mazungumzo kwa wakufunzi wa vyuo vya ufundi, walimu wa chekechea, maafisa wa ugani na wazazi



Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo na sehemu kubwa ya huduma za afya. Kazi hizi zote zina mafunzo ndani yake, na siku hizi mafunzo mengi hupitia kwenye video: jinsi ya kuweka uzi kwenye cherehani, jinsi ya kukausha mahindi yasipate ukungu, dalili za hatari ambazo mama mjamzito hapaswi kuzipuuza. Kutengeneza video kama hizo hugharimu fedha za umma. Kuzitazama humgharimu mwananchi bando lake. Kwa hiyo mwenye kulipa ana haki ya kuuliza: waliofungua video walifika mwisho, na walijifunza?

Jibu ambalo hutolewa upesi ni idadi ya waliofungua. Idadi hiyo inaweza kudanganya. Chukulia mfano wa kubuni. Video ya dakika 20 imefunguliwa mara 1,000, lakini kwa wastani kila mmoja ameitazama dakika 2 tu. Nyingine ya dakika 6 imefunguliwa mara 500, na wastani wa kutazamwa ni dakika 5. Ya kwanza imetazamwa jumla ya dakika 2,000. Ya pili dakika 2,500. Zaidi ya hayo, watazamaji wengi wa ya pili walikaribia mwisho wa somo, ilhali wengi wa ile ya kwanza waliishia kwenye utangulizi. Ripoti yenye idadi ya waliofungua peke yake ingeisifu ile iliyoshindwa.

Takwimu zinazosaidia zaidi zipo, na hazina malipo. Kila anayepakia video YouTube huweza kuona wastani wa muda wa kutazama, pamoja na grafu inayoonyesha ni asilimia ngapi ya watazamaji waliokuwa wamebaki katika kila sehemu. Grafu hiyo huteremka taratibu, maana kila video hupoteza watu njiani. La kuangalia ni pale inapoporomoka ghafla, na pale inapopanda.

Ikiporomoka katika nusu dakika ya kwanza, mara nyingi tatizo ni ufunguzi: muziki mrefu, nembo, kisha salamu za viongozi mmoja baada ya mwingine. Kijana aliyekuja kujifunza kushona mfuko wa suruali hajaona sindano bado, na bando linakwisha. Dawa yake ni rahisi. Somo litangulie, na shukrani kwa wahusika ziwekwe mwisho. Ikiporomoka katikati, mkufunzi aitazame dakika hiyo kwa makini. Huenda sauti ilififia, huenda alitumia neno ambalo hakulieleza, au huenda jibu ambalo watu walilitafuta lilikuwa limeshapatikana.

Grafu inapopanda, watu wamerudisha video nyuma. Hapo busara inahitajika, kwa sababu kilima kimoja kina maana mbili. Huenda sehemu hiyo ndiyo yenye manufaa zaidi, na fundi anaifuata hatua kwa hatua akiwa na kifaa mkononi. Au huenda haikueleweka. Grafu haiwezi kusema ni ipi kati ya hizo. Inabidi kuwauliza wanafunzi wenyewe, na kuuliza si ujinga.

Jambo hili limechunguzwa kwa kina. Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchunguzi wa mara milioni 6.9 ambazo video zilitazamwa katika kozi nne za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2012 na Harvard na MIT nchini Marekani. Waligundua kwamba video fupi ndizo zilizoshika watu zaidi, na kwamba muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6 hata video ilipokuwa ndefu. Mwalimu aliyechora huku akieleza alifuatiliwa kuliko picha za maandishi matupu. Tena, mhadhara wa darasani uliokatwa vipande haukufua dafu mbele ya somo lililopangwa kuwa fupi tangu mwanzo. Uchunguzi mwingine wa mwaka huo, uliohusu video 862 za edX, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vilima vya kurudia vilitokea pale picha ilipobadilika kwenye skrini. Mara nyingine mchoro ulikuwa umeondolewa kabla mwanafunzi hajamaliza kuusoma, akalazimika kuurudia.

Matokeo hayo ni mwongozo, wala si sheria. Wanafunzi wale walikuwa wakisoma masomo ya kiwango cha chuo kikuu, kwa ratiba waliyojipangia. Mkulima anayetazama kwa simu ya kuazima jioni ana hali yake. Kila wadi na kila chuo kisome grafu zake.

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya takwimu hizi. Grafu humhesabu aliyeishiwa na bando sawasawa na aliyechoshwa na somo. Wote wawili huonekana wameondoka. Mtoto wa sehemu ambayo mtandao hukatika-katika anaweza kuonekana mvivu, ilhali alichokosa ni mawimbi. Watoto sita wakikusanyika kwenye simu moja, wanahesabiwa kama mtazamaji mmoja. Video iliyopelekwa kwa flashi hadi kwenye ukumbi wa kijiji na kutazamwa na watu 80 haihesabiwi kabisa. Uamuzi ukifanywa kwa kufuata grafu peke yake, fedha zitaelekea kwa wale ambao tayari wana mtandao mzuri, na waliohitaji msaada zaidi watabaki nyuma bila hata kuonekana kwamba wapo.

Njia ya kuziba pengo hilo inajulikana. Nchini India, mradi wa Digital Green ulioanza mwaka 2006 ulirekodi video za wakulima wakiwafundisha wakulima wenzao, na kuzionyesha vijijini kwa vikundi. Msimamizi wa kila kikundi aliandika waliohudhuria, maswali waliyouliza, na baadaye ni nani aliyeijaribu mbinu hiyo shambani. Daftari na kalamu vilikusanya kile ambacho mtambo haukuweza kukiona. Afisa wa ugani anaweza kufanya hivyo katika mkutano wowote wa wakulima.

Daftari hilo pia linajibu swali ambalo grafu hailiwezi: je, watu walijifunza? Mtu anaweza kutazama video hadi mwisho kwa sababu inachekesha, asibaki na lolote. Somo la sehemu katika hesabu, au la vipimo vya fundi wa umeme, litapoteza baadhi ya watazamaji kwa ugumu wake, na bado ni la lazima. Likiachwa kwa sababu grafu yake si nzuri, atakayeumia ni mwanafunzi. Kipimo cha mwisho ni kazi ya mkono: cherehani imewekwa uzi, mahindi yamekauka, mama amefika kliniki mapema.

Kuhusu usiri, wazazi wasiwe na hofu isiyo na sababu, wala wasilale. Grafu ya YouTube humwonyesha mwalimu watazamaji kwa jumla, bila majina. Lakini chuo kikianza kuandika jina la mtoto na alichotazama, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika, na idhini ya mzazi au mlezi inahitajika. Mzazi ana haki ya kuuliza kinachoandikwa na sababu yake. Aidha, video zilizotajwa YouTube kuwa ni za watoto hufungwa sehemu ya maoni, hivyo mwalimu wa chekechea atapata maoni kwa kuzungumza na wazazi ana kwa ana.

Kwa kifupi, hatua ni tano. Kwanza, video iwe na somo moja, nalo lianze mara moja. Pili, video ndefu iwekewe alama za dakika kwenye maelezo yake, ili mwanafunzi aende moja kwa moja kwenye sehemu anayoihitaji. Tatu, baada ya wiki chache grafu ifunguliwe, na dakika moja yenye mporomoko au kilima ichaguliwe. Nne, watazamaji watano waulizwe kuhusu dakika hiyo, na angalau wawili wao wawe watu wasio na mtandao wa uhakika. Tano, sehemu hiyo irekebishwe, kisha matokeo yalinganishwe na ya awali.

Na wewe mkazi, unapofunga video kabla haijaisha, mwambie mwalimu au afisa sababu. Kama ni bando, sema ni bando. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Grafu itaonyesha tu kwamba umeondoka; sababu unaijua wewe.