Picha ya Tumbo na Kipimo cha Mionzi

(Hotuba kwa wahudumu wa afya na wananchi wa Maramba, Wilaya ya Mkinga)



Zamani mgonjwa wa tumbo wa huku kwetu, akitakiwa kupigwa picha kwa mashine ya CT, alifunga safari ya mbali. Katika miaka hii ya 2020 Serikali imefunga mashine hizo katika hospitali za rufaa za mikoa. Huduma imesogea karibu. Elimu yake nayo haina budi kusogea.

Mashine hii ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, mjini London, nayo ilikuwa kazi ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mtambo wa eksirei huzunguka mwili, na kompyuta hukusanya vipimo vyake ikavigeuza kuwa picha za vipande vyembamba, mfano wa mkate uliokatwa. Hivyo daktari huona ini, figo na kongosho pasipo kupasua.

Lakini faida hiyo ina gharama. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa milisiverti. Eksirei moja ya kifua haifiki hata milisiverti moja. CT ya tumbo kwa kawaida hufika 8 hadi 10. Mionzi ya asili, itokayo ardhini na angani, ni wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Uchunguzi mmoja wa tumbo, basi, ni sawa na mionzi ya asili ya miaka mitatu na zaidi. Hatari ya saratani kwa mgonjwa mmoja ni ndogo, na anayehitaji uchunguzi asiukimbie. Hata hivyo, hatari ndogo ikigawiwa watu wengi bila sababu huwa kubwa, na watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima.

Mtu atauliza: kwa nini basi tusipunguze mionzi tu? Hapo ndipo penye kazi. Mionzi ikiwa haba, picha hujaa chenga, mfano wa mchele uliovunjika kinuni. Na hesabu yake ni kali: ukitaka kupunguza chenga hizo kwa nusu, huna budi kuongeza mionzi mara nne. Ni kama utambi wa kandili: ukiwa chini huoni kitu, ukiupandisha mno, kioo hujaa masizi.

Picha njema ni ile inayojibu swali la daktari. Kijiwe cha figo ni kigumu, nacho huonekana hata chenga zikiwapo. Mionzi kidogo yatosha. Uvimbe mdogo ndani ya ini hufanana sana na ini lenyewe. Mionzi ikipunguzwa mno hautaonekana, na mgonjwa atakuwa amepata mionzi ya bure, kisha arudiwe. Mtoto na mtu mwembamba nao wasipewe kipimo cha mtu mnene.

Jambo hili limechunguzwa hapa hapa nchini. Mwaka 2006 wataalamu J. E. Ngaile na P. K. Msaki walichapisha utafiti wao juu ya mionzi ya CT katika hospitali za Tanzania. Walikuta uchunguzi wa aina moja ukitoa mionzi tofauti sana baina ya hospitali na hospitali, na sababu kubwa ilikuwa taratibu za upigaji picha. Maana yake, mengi yamo mikononi mwa mwenye kuiendesha mashine.

Ndugu wahudumu, tuulize kwanza kama uchunguzi unahitajika, au kama altrasaundi, isiyo na mionzi hiyo, yatosha. Mgonjwa alazwe katikati ya mashine. Eneo lipigwalo lisivuke linalotakiwa. Asipitishwe mara tatu panapotosha mara moja, kwa kuwa kila mpito huongeza mionzi. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, husimamia usalama wa mionzi. Lakini msimamizi hawezi kusimama mlangoni mwa kila chumba.

Ndugu wananchi, nanyi mna wajibu. Nilipata kumwona mgonjwa aliyepigwa CT ya tumbo mara mbili katika mwezi mmoja, kwa sababu tu picha za kwanza aliziacha nyumbani. Tunzeni picha zenu na mwende nazo. Mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme mapema. Wala tusimshurutishe daktari kuagiza CT kwa kuwa ni mashine ya kisasa. Tumuulize: picha hii itajibu swali gani? Jibu likiwapo, tulale mezani bila hofu.