Mshahara, Hisa na Binti Anayesomea Kompyuta

Katika kampeni nyingi za kuwavuta wasichana kwenye teknolojia, binti huambiwa kwamba akijua kuandika programu ataisaidia jamii. Kaka yake huambiwa atatajirika. Makala hii inadai kwamba binti naye aelezwe habari za fedha bila haya, tena fedha za hisa kuliko za mshahara, kwa kuwa katika sekta hii mali humfuata mwenye kampuni kuliko mwenye ujuzi.

Mfano wangu ni wa Uingereza. Mwaka 1962 Stephanie Shirley alianzisha nyumbani kwake kampuni ya kuandika programu, kwa mtaji wa pauni 6. Aliwachukua wanawake walioacha kazi kwa sababu ya ndoa au uzazi. Kati ya wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa 3 tu. Waliandika programu kwa penseli na karatasi, kila mmoja kwake, na mteja akipiga simu Shirley alifungulia kanda yenye mlio wa taipureta ili kelele za mtoto zisisikike. Barua zake za kutafuta wateja zilikosa majibu hadi alipoanza kuzitia saini ya “Steve”. Kazi yao ilifika hadi kwenye kinasa safari cha ndege ya Concorde. Hata hivyo, si penseli iliyowatajirisha. Shirley aliwagawia wafanyakazi karibu robo ya kampuni kutoka fungu lake mwenyewe. Kampuni ikaingia soko la hisa mwaka 1996, na wafanyakazi 70 wakawa mamilionea.

Wapo watakaosema kwamba kumhubiria binti mali ni kumfundisha tamaa. Lakini Shirley alitoa zaidi ya pauni milioni 67 kwa hisani, sehemu kubwa kwa ajili ya usonji, hali aliyokuwa nayo mwanawe. Huduma kwa jamii ilikuja kwa mlango wa mali, na asiye nacho angetoa nini? Pingamizi zito zaidi ni kwamba kampuni nyingi changa hufa, na hisa zake hubaki karatasi. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi binti aache mshahara. Lakini mtazame mama wa kibanda cha huduma za fedha kwa simu: anashinda ndani ya teknolojia kutwa, anafunga hesabu usiku, na analipwa kamisheni ambayo kiwango chake hupangwa na wengine. Mwandishi wa programu asiye na hisa yuko kibanda hichohicho, ila kiti chake kina magurudumu. Basi kabla hajasaini mkataba na kampuni changa, afundishwe kuuliza: hisa zangu ni asilimia ngapi, zitakuwa zangu lini, na nikienda likizo ya uzazi zinahesabiwaje?