Mizani ya Mdhamini: Habari ya Dhahabu ya Kakamega



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya jinsi dola itawalayo makoloni ipimavyo faida yake na faida ya nchi iliyo chini yake. Hatuna haja ya kwenda mbali. Mfano tunao Kakamega.

Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba Kenya kwanza ni nchi ya Waafrika, na faida yao ikigongana na ya wageni waliohamia, ya Waafrika itatangulia. Ilijiita mdhamini wetu. Mwaka 1930 ikafuata sheria iliyoziweka ardhi za wenyeji kwa ajili yao milele: sehemu ikitwaliwa, sharti baraza la wenyeji lipewe habari, na ardhi nyingine ya kadiri ile ile itolewe badala yake.

Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana. Siku zile zilikuwa mbaya: bei ya mahindi imeanguka, masetla wana madeni, hazina ya Nairobi imepungukiwa. Basi Desemba 1932 sheria ile ya “milele” ikarekebishwa, nayo haijatimiza miaka mitatu. Kwa ajili ya madini, ardhi iliweza kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu, wala haikulazimu kulishauri baraza. Hata huko Uingereza walikuwako wakubwa waliolaumu, Lord Lugard akiwa mmojawapo.

Tuseme haki: migodi ilileta kazi, na hatudai kwamba dhahabu ingeachwa udongoni. Lakini fedha humfaa aliyezipokea, tena huenda kwa msimu mmoja tu. Shamba ni la ukoo. Lina makaburi ya babu, na mtoto ambaye hajazaliwa ana fungu lake humo. Hilo halikutiwa katika mizani. Na mizani ilishikwa na nani? Na yule yule mdhamini, aliyetoza kodi na kutunga sheria. Mwaka 1932 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria. Bwana Eliud Mathu aliingia mwaka 1944.

Wazee mliosimuliwa na baba zenu mipaka ya mashamba yaliyochimbwa, twawaomba kwa heshima mfike kwa karani wa chama, habari hizo ziandikwe kabla ya mkutano ujao.