Nani Aliyelipa Nauli?

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wafanyi kazi wa reli katika mkutano wa tawi letu. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wana-chama waliokuwa zamu ya usiku wasiweze kufika.)



Karani wetu aliniomba niseme juu ya fedha zitumikazo katika uchaguzi wa Rais wa Marekani, na sheria zilizowekwa ili kuzitawala. Najua wengine mnasema moyoni, “Marekani na sisi wapi na wapi?” Nawaomba mnivumilie. Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya shule ya misheni, na kazi yangu mnaijua ni ya ugadi. Lakini Jumamosi ijayo tutapiga kura juu ya kanuni mpya ya tawi letu, na kabla ya kupiga kura ni vizuri tujue yaliyowapata wenzetu waliotangulia.

Nianze na gari la moshi, maana hilo tunalielewa sote. Katika mwaka wa 1948 Rais Harry Truman alikuwa akitafuta kura, akazunguka nchi nzima kwa gari la moshi, akihutubia watu stesheni hata stesheni akiwa amesimama nyuma ya behewa lake. Walipofika Oklahoma City fedha za safari zilikwisha. Ndugu, Rais mzima wa Marekani yuko ndani ya gari, na gari haliwezi kuendelea kwa sababu ya deni! Ikawabidi watu wa chama chake wachangishane haraka, ndipo safari ikaendelea. Mwishoni Truman alishinda. Lakini mimi kama gadi naona kuna swali moja tu la kumwuliza abiria wa namna hii: Nani amekulipia nauli? Na aliyekulipia, anataka ushuke stesheni gani?

Wamarekani wamekuwa wakiuliza swali hilo zaidi ya miaka mia. Katika uchaguzi wa 1896, bwana mmoja tajiri jina lake Mark Hanna alimsimamia William McKinley. Hakungoja matajiri watoe kwa hiari yao. Aliyaendea mabenki akayakadiria kila moja litoe sehemu ya robo katika kila mia ya mali yake, kama vile kodi. Alikusanya mamilioni ya dola. Mpinzani wake, William Jennings Bryan, aliyependwa sana na wakulima, hakuwa na fedha za kulingana na hizo, akashindwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1904, wa Theodore Roosevelt. Kati ya waliokichangia chama chake alikuwamo E. H. Harriman, mkubwa wa reli za Union Pacific na Southern Pacific. Naam, mwenye reli. Na katika mwaka wa 1905 uchunguzi uliofanywa New York ulidhihirisha kwamba kampuni za bima nazo zilitoa fedha kwa siri. Moja peke yake, New York Life, ilikuwa imetoa karibu dola 50,000. Sasa fikirini, fedha za bima ni za nani? Ni za mtu maskini aliyeweka akiba kidogo kidogo ili akifa mkewe na watoto wasiombe. Fedha zake zilimpigia kampeni mtu ambaye labda yeye mwenyewe hakumtaka, wala hakuulizwa.

Watu walikasirika, na katika mwaka wa 1907 ikapitishwa sheria ya kwanza, iitwayo Sheria ya Tillman, ya kukataza kampuni zisitoe fedha kwa wagombea wa serikali kuu. Huyo Tillman mwenyewe alikuwa mtu aliyewachukia watu weusi waziwazi, wala simsifu, lakini sheria ilikuwa ya haki. Tatizo lake ni moja. Haikuwekewa mtu wa kuisimamia. Ishara imesimamishwa nyekundu, lakini hakuna anayeangalia kama dereva amesimama ama amepita. Ninyi mnajua mambo huwaje hapo.

Sasa nafika kwa vyama vya wafanyi kazi. Katika mwaka wa 1943, wakati wa vita, Bunge la Marekani lilikataza vyama vya wafanyi kazi navyo visitoe fedha za chama kwa wagombea, na katika 1947 katazo hilo likafanywa la daima. Wenzetu walifanyaje? Muungano mkubwa uitwao CIO ulikuwa umeunda kamati ya mbali, chini ya bwana Sidney Hillman, fundi wa kushona nguo. Kamati hiyo ilikwenda kwa mwana-chama mmoja mmoja ikamwomba dola moja kwa hiari yake, mbali na ada yake ya chama. Haba na haba hujaza kibaba. Tangu hapo likaingia katika sheria zao jambo ambalo ni haki kabisa: ada ya mwana-chama isiende mfukoni mwa mgombea, ila atoe mwenyewe akipenda.

Likafuata jambo kubwa la Watergate. Mwaka wa 1972 watu walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic mjini Washington, na fedha walizokuwa nazo zilipofuatwa nyuma, zilirudi mpaka kamati ya uchaguzi ya Rais Nixon. Baadaye kampuni kadha, ya ndege, ya mafuta, na ya matairi ya magari, zilikiri kortini kwamba zilitoa fedha kwa njia ya haramu. Kumbe sheria ya 1907 ilikuwapo muda wote!

Hapo ndipo Bunge likaamka, na katika 1974 likaweka sheria kali. Mtu mmoja asimpe mgombea zaidi ya dola 1,000 kwa uchaguzi mmoja. Kila fedha iandikwe, na majina ya waliotoa yatangazwe. Ikaundwa Tume ya kusimamia. Na tena, serikali imlipie mgombea wa Rais gharama zake, kutoka mfuko ambao kila mlipa kodi akitaka aliweza wakati ule kuuelekezea dola moja ya kodi yake. Mgombea akikubali fedha za serikali, basi asipokee za matajiri, wala asipitishe kipimo. Mwaka wa 1976 Gerald Ford na Jimmy Carter walipewa dola milioni 21.8 kila mmoja, sawa kwa sawa. Kwa miaka 30 hivi wagombea wa vyama vile viwili vikubwa walikubali mpango huo.

Mtauliza, basi uliharibikia wapi? Uliharibikia mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni Mahakama Kuu. Katika Januari 1976, kesi ya Buckley, waamuzi walisema kwamba kutumia fedha ili kueneza maoni ni sehemu ya uhuru wa kusema. Kwa hiyo sheria yaweza kuweka kipimo kwa fedha unazompa mgombea mkononi, maana hapo pana hatari ya rushwa. Lakini fedha unazotumia wewe mwenyewe kumsifu mgombea, pasipo kupatana naye, haziwezi kuwekewa kipimo. Ndugu, shikeni tofauti hiyo, maana ndiyo pointi ambapo gari lote lilihamia reli nyingine. Mwaka wa 2010, katika kesi ya Citizens United, waamuzi watano dhidi ya wanne waliendelea mbele wakasema kwamba kampuni, na vyama vya wafanyi kazi pia, vina haki hiyo hiyo ya kutumia fedha zao. Mwaka ule ule korti nyingine ikaruhusu kamati za kupokea fedha pasipo kipimo chochote. Ndizo ziitwazo Super PAC. Hazimpi mgombea hata senti moja. Zinanunua matangazo, na katika matangazo hayo sharti zisipatane naye.

Mtu atasema, “Lakini vyama vya wafanyi kazi navyo vimefunguliwa.” Ni kweli. Tumefunguliwa mlango mmoja, sisi na tajiri, na kila mtu aingie na mfuko wake. Katika uchaguzi wa 2024 mtu mmoja, Elon Musk, alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na wenzake wa chama. Kipimo cha mtu kumpa mgombea mkononi mwaka ule kilikuwa dola 3,300. Pimeni wenyewe mlango ulio mwembamba na ulio mpana.

Mahali pa pili ni ule mfuko wa serikali. Fedha zake hazikukua kama gharama za kampeni zilivyokua, na mgombea aliachiwa ruhusa ya kuukataa. Mwaka wa 2008 Barack Obama, ambaye baba yake ni wa huku kwetu Kenya, alikuwa mgombea wa kwanza wa chama kikubwa kuukataa katika uchaguzi wa mwisho. Alikusanya zaidi ya dola milioni 700 katika kampeni yake yote, na baadhi yake zilitoka kwa watu wadogo waliotoa kidogo kidogo. John McCain alikubali mfuko akapata dola milioni 84. Nampenda Obama kama ninyi mnavyompenda, lakini lazima niseme kweli: tangu hapo mfuko ule umekuwa kama stesheni isiyosimamisha gari.

Na Tume je? Ina nafasi za watu 6, na si zaidi ya 3 wa chama kimoja. Kufanya neno lolote kubwa zinatakiwa kura 4. Basi mara nyingi ilikuwa tatu kwa tatu, na shauri likalala. Tena mwaka wa 2025 ilipungukiwa watu hata wasitimie kufanya mkutano halali.

Sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba fedha hununua kila kitu. Michael Bloomberg alitumia fedha zake mwenyewe zaidi ya dola bilioni moja mwaka wa 2020, na mahali alipopata ushindi ni visiwa vya American Samoa tu. Hillary Clinton alitumia zaidi kuliko Trump mwaka wa 2016, akashindwa. Mpiga kura bado ana akili yake. Lakini swali langu si nani atashinda. Swali langu ni nani atakayefunguliwa mlango asubuhi yake, aketi akinywa kahawa na mshindi, na nani atakayeambiwa angoje nje. Wahenga walisema, penye udhia penyeza rupia. Rupia ikipenya, mwenye rupia hasahau, wala aliyepokea hasahau.

Sasa nirudi kwetu. Nitakiri jambo. Katika uchaguzi uliopita wa tawi hili, mimi nilipanda lori la bure kwenda mkutanoni, nikanywa chai na mandazi ya bure, nikapiga kura nikarudi nyumbani nimeshiba. Sikuuliza nani kalipa. Miezi michache baadaye nilijua kwamba aliyelipa ni mtu afanyaye biashara na mahali petu pa kazi. Sitamtaja. Na shauri letu moja dhidi yake liliwekwa kando mara tatu na kamati. Siwezi kusema ni kwa sababu ya chai. Ila siwezi pia kusema si kwa sababu ya chai, na hilo ndilo linaloniudhi mimi niliyeinywa.

Kanuni iliyo mbele yenu ina mambo matatu. Kwanza, kila mgombea abandike kwenye ubao wetu, siku saba kabla ya kura, orodha ya waliomsaidia na kiasi gani. Pili, asipokee kitu kwa mwajiri wala kwa mtu afanyaye biashara naye. Tatu, tawi liwapigie chapa wagombea wote karatasi moja na kuwafanyia mkutano mmoja, sawa kwa sawa, ili asiye na kitu asikose kusikiwa.

Nami naomba tuongeze la nne, ambalo nimejifunza kwa Wamarekani. Tuchague wakaguzi, nao wawe watatu, si wawili wala wanne, ili shauri lisilale. Na asiwe mgombea hata mmoja kati yao. Sheria ya 1907 ilikuwa nzuri, ikakaa miaka 67 bila mwangalizi. Sisi tunajua kwamba ishara bila mtu wa kuiangalia ni rangi tu juu ya mti.

Wale wa zamu ya usiku, karatasi za kura zitakuwa kwa Karani kuanzia Ijumaa saa kumi. Na Jumamosi hapatakuwa na chai, ila kila mtu aje na yake.