Kazi Moja, Mawakala Wawili



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, leo tuzungumze habari ya riziki. Kijana anatafuta kazi ya ulinzi Doha. Wakala wa kwanza amwambia nafasi ipo. Wiki haijaisha, wa pili ampigia simu: kazi ni ya ulinzi, mji ni Doha, mshahara ni ule ule. Kijana afurahi, adhani amefunguliwa milango miwili. Kumbe huenda mlango ni mmoja, ila mabawabu ndio wawili.

Hebu tuelewe mambo yanavyokwenda. Kampuni ya Qatar ikitaka walinzi, huweza kupeleka ombi kwa mawakala kadhaa wa Nairobi na Mombasa kwa wakati mmoja. Chini yao wako madalali wa mitaani wanaokusanya majina. Ambaye mtu wake amekubaliwa ndiye anayelipwa. Sasa karatasi zako zikimfikia mwajiri mara mbili, kwa mikono miwili, ugomvi waweza kuanza: huyu ni wangu, la, ni wangu mimi! Mwajiri ana mafaili mengine mezani. Kwake yeye ni rahisi kukuweka kando na kumchukua asiye na mzozo. Nawe uko nyumbani wangojea simu, wala hujui umeangushwa na nini.

Kwa hivyo usianze kuuliza mshahara. Uliza: mwajiri ni nani? Asipokutajia, mwambie karatasi zako asizipeleke popote. Akikutajia, andika jina la kampuni na tarehe. Ukiridhika naye, mpe idhini kwa maandishi, kwa kampuni hiyo peke yake. Wa pili akija na kampuni ile ile, mwambie wazi kwamba umeshapelekwa. Akiwa na kampuni nyingine, hilo ni jambo jingine, msikilize.

Wengine hapa huona haya: "Amenihangaikia, nitamwachaje?" Tutenganishe mambo mawili. Kabla hujatoa neno lako, kuulizia huku na huku si khiana. Lakini ukishakubali, umekubali. Dini yetu imekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye, na kuuza juu ya mauzo ya nduguye. Wakala anayekushawishi umtoroke mwenzake baada ya kutia sahihi, yeye mwenyewe utamwamini vipi? Na wewe unayewaitikia wote wawili kisiri uone nani atatangulia, saumu yako inakufunza nini? Ikiwa wa kwanza amekudanganya, au mkataba umekuja na mshahara mwingine, hapo jitoe, lakini jitoe kwa barua, si kwa kuzima simu.

Jambo jingine ni paspoti. Wako mawakala wanaoishika mapema ili usiende kwa mshindani wao. Hiyo si amana tena, imekuwa rehani. Paspoti ni mali ya serikali ya Kenya, na wewe ndiye uliyekabidhiwa. Mwanzoni mpe nakala tu. Ikihitajika yenyewe kwa ajili ya viza, taka risiti yenye tarehe ya kurudishiwa. Hata Qatar yenyewe, kwa sheria yake ya 2015, imemkataza mwajiri kuzuilia paspoti ya mfanyakazi.

Wazazi wetu, nanyi msikilize. Mama auza bangili zake kumlipa wa kwanza, kisha baba akopa kumlipa wa pili, "tusikose yote". Kabla ya shilingi kutoka, nendeni mtazame orodha ya mawakala walioandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Na Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uthibitishwe na afisa wa kazi, ambaye ni lazima ahakikishe kwamba mfanyakazi ameridhia bila kulazimishwa wala kudanganywa. Wakala anayekwambia "hakuna haja ya hayo, tutachelewa, yule mwingine atatutangulia," basi mwache atanguliwe.

Riziki haikimbizwi kwa hofu. Uliza, andika, kisha timiza neno lako.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan karim.