Mtoto Apimwe Kilo Kwanza

 

Leo nataka tumzungumzie mtu ambaye mgonjwa hamkumbuki: yule wa dawa ya usingizi. Watanzania huiita nusukaputi, na sijui kama kuna jina la kweli kuliko hilo. Mtoto anasogezwa hadi karibu na mlango wa kifo, kisha anarudishwa. Kumlaza si kazi kubwa. Kazi ni kumrudisha.

Dozi ya mtoto huenda kwa kilo. Mizani isipokuwepo, vitabu vina hesabu ya zamani: chukua umri, ongeza nne, zidisha mara mbili. Mtoto wa miaka mitano anapata kilo 18. Hesabu hiyo imetoka kwa watoto wanaoshiba. Mleteni sasa wa kwetu hapa Juba, aliyekimbia na mama yake, akakulia kambini kwa uji wa mgao. Huyo anaweza kuwa na kilo 13. Apewe dozi ya kilo 18, mwili wa kilo 13 uibebe.

Na mtoto hasubiri. Kwa kila kilo, anatumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, kwa hiyo pumzi ikikatika anabadilika rangi haraka sana. Kuna kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Cha mtu mzima ukikifunga kwenye kidole cha kichanga, kinateleza na kuanguka. Ndiyo maana mwuguzi huishia kutazama midomo ya mtoto na kusikiliza kifua.

Ili kujua hali ilivyo katika vyumba vya upasuaji, watafiti wana desturi ya kuwatumia madaktari wa usingizi fomu za maswali, na watu wengi huzidharau: karatasi tu. Mimi naziheshimu. Huko Ulaya utafiti uitwao APRICOT, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia dozi zaidi ya 31,000 za usingizi kwa watoto katika nchi 33. Tukio kubwa la hatari lilitokea mara 5 hivi katika kila 100. Ulaya hiyohiyo, yenye mashine! Wahudumu wa usingizi wa jirani zetu Uganda waliulizwa swali la msingi zaidi: una nini chumbani mwako? Majibu yalichapishwa mwaka 2007. Waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama walikuwa asilimia 23. Kwa mtoto, asilimia 13. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, asilimia 6.

Fomu hizo mbili zinatofautiana kwa jambo moja. Ya tajiri inauliza ni tukio gani la hatari lilitokea. Yetu inauliza kama oksijeni ipo.

Halafu ukaja utafiti wa Afrika uitwao ASOS-Paeds, uliochapishwa mwaka 2024: watoto zaidi ya 8,000 waliofanyiwa upasuaji, hospitali 249, nchi 31. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alipata matatizo baada ya upasuaji, na zaidi ya wawili katika kila 100 walifariki hospitalini. Sikuyasoma hayo nikawalaumu madaktari. Hakuna anayeweza kupima kwa mizani isiyokuwepo.

Turudi kwenye fomu: kuna kishawishi cha kuandika «ipo» wakati haipo, kwa sababu fomu ina muhuri na mkubwa ataisoma. Nakielewa kishawishi hicho. Lakini chumba chenye «ipo» ya uongo hakitaletewa kitu.

Wizara ya Afya hapa Juba isingoje mtafiti wa nje. Iandike ukurasa mmoja wa maswali, iupeleke kila chumba cha upasuaji: mizani, oksijeni, kibanio cha kichanga, na nani anakaa kichwani mwa mtoto usiku. Nanyi mnaojaza, ndugu zangu, pale ambapo hakuna, andikeni hakuna.

Na wewe mama, kabla mwanao hajaingia ndani, uliza: mmempima kilo?